Mikanda Mitatu Iliyofutika Pamoja: Uchambuzi wa Kisa cha Peptidi Zuizi na Kingamwili ya PDI

Picha aliyoniletea mwanafunzi huyo wa uzamili ilikuwa safi kuliko nyingi nilizowahi kuzikagua. Ilikuwa ya jaribio ambalo protini za seli hutenganishwa kwa uzito ndani ya jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha hutafutwa kwa kingamwili, yaani protini ya kinga inayoshika shabaha yake; panaposhikwa hutokea mkanda. Upande wa kushoto wa utando ilionekana mikanda mitatu iliyokolea, mmoja karibu na kilodaltoni 57 (kipimo cha uzito wa protini), wa pili karibu na 78 na wa tatu karibu na 94. Upande wa kulia, ambako protini zilezile zilipitishiwa kingamwili ileile baada ya kulazwa usiku kucha pamoja na peptidi zuizi, kipande kifupi cha protini kinachoizuia kingamwili isishike shabaha yake, hapakubaki kitu isipokuwa weupe wa utando na kivuli hafifu cha ngazi ya vipimo, yaani protini za uzito unaojulikana. "Dokta, imethibitika," alisema, na kwa kweli alikuwa na sababu ya kufurahi, kwa kuwa majaribio ya namna hii huharibika kwa urahisi na la kwake halikuharibika. Shida ilikuwa katika sentensi aliyokwisha kuiandika chini ya picha ile, iliyosema kwamba, kwa kuwa peptidi imeifuta mikanda yote mitatu, basi yote mitatu ni PDI katika maumbo matatu: moja tupu, moja lililoongezewa kitu na moja lililoshikana na protini nyingine.

Nilimwomba aiweke kando sentensi hiyo kwa wiki kadhaa, na kilichofuata ndicho kisa ninachokichambua hapa.

PDI ni kifupi cha jina la kimeng'enya kinachopanga upya vifungo vya disulfaidi, yaani vile vifungo vya salfa kati ya sisteini mbili (sisteini ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini) ambavyo hushikilia umbo la protini nyingi zinazotolewa nje ya seli, kama vile insulini na kingamwili zenyewe. Kilielezwa mwaka 1963 katika ini la panya na kundi la Christian Anfinsen, mtafiti wa Marekani ambaye mwaka 1972 alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yake kuhusu ukunjaji wa protini. Kwa binadamu kimeng'enya hiki hutokana na jeni P4HB, kina asidi amino 508 kabla ya kukatwa kipande cha mbele kinachokiongoza kuingia kwenye retikulamu endoplazimu, ile sehemu ya seli ambamo protini hukunjwa, na humo ndani ni miongoni mwa protini zilizo nyingi kabisa. Hakiko peke yake. Familia yake ina zaidi ya protini 20, na ndugu wa karibu kama ERp57 na ERp72 hufanana nacho kwa umbo na kwa sehemu pia kwa kazi. Anayenunua kingamwili ya kutafuta mmoja wa ndugu hawa ananunua pia uwezekano wa kuwapata wengine.

Kingamwili ya mwanafunzi huyu ilikuwa ya sungura, ya aina mchanganyiko, yaani si uzao wa seli moja bali ni mkusanyiko wa kingamwili nyingi tofauti zilizotoka katika damu ya mnyama mmoja. Sungura alikuwa amechanjwa kwa peptidi ya kutengenezwa, ambayo ni kipande kifupi cha PDI kilichoungwa asidi amino moja baada ya nyingine kwa njia aliyoitangaza Merrifield mwaka huohuo wa 1963, kisha kikagandishwa kwenye hemosianini, protini kubwa ya konokono wa baharini, kwa sababu peptidi fupi pekee yake haishtui vya kutosha kinga ya sungura. Peptidi hiyohiyo, bila konokono, huuzwa pembeni katika kichupa kidogo kama peptidi zuizi. Hapa niondoe utata unaowasumbua wanaoanza: kuziba utando kwa maziwa ya unga au albumini ya ng'ombe, ili kingamwili isigande ovyo kila mahali, ni jambo jingine kabisa. Peptidi zuizi haizibi utando. Inaziba mdomo wa kingamwili, yaani sehemu inayoshika shabaha.

Utaratibu wake aliufuata vizuri, na ni haki niliseme hilo. Aligawa kingamwili katika vichupa viwili vyenye kiasi sawa, akatia peptidi kwenye kimoja na bafa tupu (maji ya chumvi yenye uchachu uliodhibitiwa) kwenye kingine, akaviacha vyote viwili usiku mmoja kwenye nyuzi 4 vikizungushwa taratibu, akavizungusha kwa kasi asubuhi ili mashapo yatulie chini, ndipo akavipitisha kwenye vipande viwili vya utando uliotoka kwenye jeli moja. Alitumia uwiano uliozoeleka wa maikrogramu 5 za peptidi kwa maikrogramu 1 ya kingamwili. Uwiano huo husikika mdogo hadi uuhesabu kwa idadi ya molekuli. Kingamwili moja ina uzito wa kilodaltoni 150 hivi na midomo miwili, kwa hiyo maikrogramu 1 hubeba pikomoli (kipimo cha idadi ya molekuli) 13 hivi za midomo. Peptidi ya asidi amino 16 yenye uzito wa dalton 1,900 hivi huleta pikomoli zaidi ya 2,600 katika maikrogramu 5. Kila mdomo, basi, ulikuwa umezungukwa na peptidi karibu 200. Katika msongamano huo hata kingamwili inayoishika peptidi kwa ulegevu hunyamazishwa, na hili ni jambo la kukumbuka kabla ya kushangazwa na weupe wa utando.

Alichokosa ni kichupa cha tatu, chenye peptidi ya asidi amino zilezile zilizochanganywa mpangilio. Bila hicho huwezi kujua kama kilichozuia ni mfuatano wenyewe au ni wingi tu wa peptidi yenye chaji kali ndani ya bafa. Tulikiagiza baadaye, nacho hakikuzuia chochote, kwa hiyo sitakaa sana hapo.

Swali la msingi ni jaribio hili hujibu nini. Linajibu kwamba mikanda ile imetokea kwa sababu midomo ya kingamwili imeshika kitu kinachofanana na peptidi, na si kwa sababu sehemu nyingine ya kingamwili, au kingamwili ya pili yenye rangi, imegandia utandoni. Basi. Mtu akisimama katikati ya Kariakoo akaita "Fundi!", vichwa vingi vitageuka, ukimziba mdomo, hakuna atakayegeuka. Utakuwa umethibitisha kwamba waligeuka kwa sababu ya mwito ule. Kwamba wote waliogeuka ni mtu mmoja, au hata kwamba yumo kati yao fundi uliyemtafuta, hujathibitisha hata kidogo.

Kwa hiyo tulihitaji kujua mwito wenyewe ulikuwa neno gani. Karatasi ya maelezo ya muuzaji ilisema tu kwamba peptidi imechukuliwa "kutoka eneo la mkia wa PDI ya binadamu", na tulipoandika kuuliza mfuatano, jibu la kwanza lilikuwa kwamba huo ni siri ya biashara. Nakiri kwamba jibu hilo lilinikera. Mtu anauziwa peptidi kama ushahidi wa ubora wa kingamwili, kisha anaambiwa asiulize peptidi hiyo ni kitu gani. Barua ya tatu, iliyopitia kwa msimamizi wa ununuzi, ndiyo iliyoleta herufi, kila moja ikisimama kwa asidi amino moja: sisteini moja ya kushikia konokono, ikifuatwa na DMEEDDDQKAVKDEL.

Aliyewahi kusoma biolojia ya seli atakuwa ameshaona herufi nne za mwisho. KDEL ndiyo anwani ya protini zinazotakiwa kubaki ndani ya retikulamu endoplazimu. Sean Munro na Hugh Pelham walionyesha mwaka 1987 kwamba protini ikiondolewa mkia huo hutoroka nje ya seli, na kwamba protini ya nje ikipewa mkia huo hubakishwa ndani. Hamira nayo hutumia HDEL kwa kazi hiyohiyo. PDI ina KDEL. Lakini pia GRP78, mlezi mkuu wa protini zinazokunjwa, huishia na TAEKDEL kwa binadamu, na GRP94 nayo huishia na TAEKDEL vilevile, herufi kwa herufi. Kalretikulini, protini nyingine ya humohumo ndani, huishia na QAKDEL. Ndugu wawili niliowataja mwanzoni ndio, kinyume na tulivyotarajia, waliokuwa salama zaidi, kwa kuwa ERp57 huishia na QEDL na ERp72 huishia na KEEL.

Tena kingamwili inayotokana na peptidi ya mkia ina sababu ya ziada ya kupenda herufi za mwisho kabisa. Peptidi ilipogandishwa kwa konokono kupitia sisteini ya mbele, ncha ya nyuma ndiyo iliyobaki ikining'inia huru mbele ya kinga ya sungura, na ncha huru hutambulika kwa urahisi kuliko kipande kilichobanwa katikati. Muuzaji alitaja pia kwamba kingamwili imesafishwa kwa kupitishwa kwenye peptidi yake, jambo ambalo wengi hulisoma kama dhamana. Usafishaji huo huondoa kingamwili zisizoshika peptidi. Zile zinazoshika KDEL peke yake haziguswi, maana nazo zinaishika peptidi ipasavyo.

Baada ya hapo picha ile ya kwanza ilisomeka upya, na kwa aibu kidogo, kwa sababu majibu yalikuwa yameandikwa ndani ya majina. Protini za GRP ziliitwa hivyo kwa kuwa huongezeka seli zinapokosa glukosi, na namba zinazofuata ni uzito wake kwenye jeli. Mikanda ilikuwa kwenye 78 na 94. Sisi watatu, pamoja na mwenzangu aliyepitia rasimu kabla yangu, tuliziangalia namba hizo kwa siku kadhaa bila kuzisoma kama majina.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo ingetosha kutuamsha. Seli alizotumia, ambazo ni za ini aina ya HepG2, nusu yake zilikuwa zimetiwa tunikamisini, dawa inayozuia minyororo ya sukari kuunganishwa kwenye asparajini (asidi amino nyingine) za protini na hivyo kujaza retikulamu endoplazimu protini zisizokunjika. Katika seli hizo mikanda ya 78 na 94 ilikolea sana, na wa 57 uliongezeka kidogo tu. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba mkanda wa 94 huenda ni PDI iliyoongezewa sukari. Lakini dawa inayozuia sukari haiwezi kuongeza umbo lenye sukari hizo, ingalilipunguza. Wala haikuwa PDI mbili zilizoshikana, kwa kuwa mbili zingefika 114 na si 94, na zaidi ya hayo sampuli zilichemshwa pamoja na merkaptoethanoli ambayo huvunja vifungo vya disulfaidi. Kuongezeka kwa GRP78 na GRP94 chini ya tunikamisini, kwa upande mwingine, ni jambo linalofundishwa darasani.

Nilidhani kisa kimeishia hapo: mikanda miwili ya juu ni ya wengine, wa chini ni wetu. Ni mwanafunzi mwenyewe aliyenirudia siku mbili baadaye na swali ambalo nilipaswa kuliuliza mimi. Kalretikulini iko wapi? Ukihesabu asidi amino zake 400 zilizobaki baada ya kukatwa kipande cha mbele, uzito wake ni kilodaltoni 46 hivi, na kwenye utando hapakuwa na mkanda wowote wa 46. Lakini kalretikulini haitembei kwenye jeli kulingana na uzito wake. Mkia wake umejaa asidi aspatiki na glutamiki kiasi kwamba sabuni ya SDS, ambayo yenyewe ina chaji hasi, huishika vibaya, na protini hiyo husota nyuma na kuonekana kati ya 55 na 60. Kwa maneno mengine inasimama pale pale tulipoitarajia PDI. Na mfanano haukuwa wa herufi nne pekee, kwa kuwa peptidi yetu nayo ilianza na mfululizo wa asidi hizohizo. Mkanda wa pekee ambao hakuna aliyeutilia shaka, kwa sababu ulikuwa na ukubwa sahihi, ulikuwa na uwezekano wa kuwa mikanda miwili iliyolaliana.

Hapo ndipo peptidi zuizi ilipopata kazi inayoiweza. Badala ya kuitumia kama mhuri wa mwisho, tuliitumia kama kisu. Tuliagiza peptidi mbili fupi: TAEKDEL, ambao ni mkia wa GRP78 na GRP94 usio na herufi nyingine za PDI, na DMEEDDDQKAV, ambacho ni kipande cha PDI kilichokatwa mkia. Kila moja ililazwa na kingamwili kivyake, kwa kiasi sawa cha molekuli na si kwa uzito sawa, kwa kuwa peptidi fupi ni nyepesi na uzito sawa ungeipa idadi kubwa zaidi. Peptidi zenye asidi nyingi hivi huyeyuka vizuri kwenye bafa isiyo na uchachu. Mwanafunzi mwingine aliwahi kuziyeyusha kwenye asidi asetiki kwa kufuata mazoea ya peptidi za aina nyingine, akaishia na ukungu mweupe chini ya kichupa.

Matokeo yalikuwa wazi kuliko nilivyotarajia. TAEKDEL ilifuta mikanda ya 78 na 94 yote, na mkanda wa 57 ukapungua lakini ukabaki. DMEEDDDQKAV ilifanya karibu kinyume chake: mikanda ya juu ilibaki kama ilivyokuwa, na ule wa 57 ukafifia pasipo kuisha. Kwa hiyo ndani ya kichupa kimoja cha kingamwili zilikuwamo angalau jamii mbili, moja ikishika mkia wa pamoja na nyingine ikishika sehemu iliyo ya PDI, na peptidi nzima ilizinyamazisha zote mbili kwa mpigo. Ndiyo maana picha ya kwanza ilikuwa safi vile. Usafi wake ulitokana na peptidi kubeba sehemu zote mbili.

Bado hilo lilikuwa jibu la kemia ya midomo, si la utambulisho. Utambulisho tuliutafuta kwa kunyamazisha jeni P4HB kwa vipande vifupi vya RNA, tukiziacha seli kwa saa 72 kwa sababu PDI ni protini inayodumu na haitoweki siku ya pili. Mikanda ya 78 na 94 haikushuka. Mkanda wa 57 ulishuka sana, ila ulibaki mstari mwembamba, juu kidogo ya pale ulipokuwa mkanda wenyewe, ambao ulikuwa umefichwa na PDI muda wote. Mstari huo ulitoweka kingamwili ilipolazwa na TAEKDEL, na kingamwili tofauti iliyotengenezwa dhidi ya sehemu ya mbele ya kalretikulini ilitua mahali hapohapo. Kingamwili nyingine ya PDI, inayoshika katikati ya protini na isiyojua lolote kuhusu mkia, ilionyesha mkanda mmoja tu wa 57, nao ulitoweka karibu wote jeni liliponyamazishwa.

Mwaka 2016 kundi la kimataifa la uhakiki wa kingamwili, lililoongozwa na Mathias Uhlén, lilipendekeza nguzo tano za kuthibitisha kingamwili: kuzima au kunyamazisha jeni, kulinganisha na njia isiyotumia kingamwili, kutumia kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti, kuipa protini alama na kuifuatilia, na kuvuta protini kwa kingamwili kisha kuitambua kwa spektrometri ya masi, yaani kwa kupima uzito wa vipande vyake. Peptidi zuizi haimo kati ya hizo tano, na baada ya kisa hiki sidhani kwamba ilisahauliwa. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema itupwe. Bila TAEKDEL tungejua kwamba kingamwili ina kasoro, lakini tusingejua kasoro iko upande gani wa peptidi, na wala tusingeweza kuiokoa.

Maana iliokolewa kwa kiasi. Mwanafunzi aliigandisha TAEKDEL kwenye chembe za agarosi, akaipitisha kingamwili juu yake mara mbili, na kilichopita bila kukamatwa kikaonyesha mkanda mmoja wa 57, dhaifu kuliko wa mwanzo lakini wa PDI. Kwa kazi ya seli nzima chini ya darubini nilimkataza kuitumia hata hivyo, kwa sababu huko hakuna ngazi ya vipimo ya kukuonyesha kwamba unachokiona kiko kwenye 78. Mng'ao wa retikulamu endoplazimu ungekuwa uleule, mzuri na wa kushawishi, hata kama nusu yake ungetoka kwa protini nyingine.

Kwa kingamwili mpya tuliyoagiza, mjadala ulikuwa ni kipande gani kichaguliwe. Pendekezo la kwanza la mtengenezaji lilikuwa eneo la kazi la kimeng'enya, lenye herufi WCGHC, kwa hoja kwamba ndilo linaloifanya PDI iwe PDI. Ni kweli kwa kazi, ila kwa utambulisho ni kosa lilelile kwa upande mwingine, kwa kuwa WCGHC imo pia katika ERp57, na katika ERp72 imerudiwa mara tatu. Tulichukua kipande kutoka vikoa vya kati (kikoa ni sehemu ya protini inayojikunja kivyake), b na b′, ambavyo havina sisteini za kazi na ambavyo ndugu wa familia hutofautiana zaidi, tukakilinganisha na protini zote za binadamu kabla ya kulipa, na tukaandika katika oda kwamba mfuatano wa peptidi utachapishwa pamoja na matokeo.

Sentensi ile ya chini ya picha iliandikwa upya mara nne. Toleo lililoingia kwenye tasnifu linasema kwamba kingamwili inatambua angalau protini nne zenye mkia wa KDEL, kwamba peptidi nzima huzuia utambuzi wa zote, na kwamba mkanda wa 57 katika seli zisizonyamazishwa ni mchanganyiko ambao sehemu kubwa ni PDI. Kichupa cha zamani bado kipo kwenye friza. Juu ya kibandiko cha muuzaji kilichoandikwa "PDI" mwanafunzi amebandika utepe wa karatasi, na kwa kalamu nyeusi ameandika: "Mkia. Uliza kabla ya kutumia."